Mwacheni Asafiri, Kisha Mfungulieni Barabara ya Mandera

Jambo moja limekuwa la kawaida katika mikahawa ya Garissa. Swala ya Magharibi ikiisha na watu wakishaketi na chai yao ya maziwa ya ngamia, simu huanza kupita mkono kwa mkono. Kinachotazamwa mara nyingi si siasa wala kandanda. Ni kijana wa kwetu aliye ughaibuni, aliyekuwa akiuguza wazee Sweden au akiendesha basi London, ambaye ameandika barua ya kuacha kazi, akanunua gari kuukuu lenye nafasi ya godoro nyuma, na sasa anaizunguka Ulaya kwa barabara. Leo yuko chini ya milima ya Alps yenye theluji. Kesho yuko Cordoba, amesimama kati ya nguzo za msikiti wa kale wa Andalusia. Anapika wali kwa jiko dogo la gesi kando ya kituo cha mafuta, anatandika mswala kwenye nyasi, anaswali, anawasha gari, anaondoka.

Hukumu ya mezani huwa moja: huyu amerukwa na akili. Watu wanauza ngamia wapate nauli ya kwenda huko, yeye anaacha mshahara aende kutazama milima?

Siungani na hukumu hiyo. Mtu aliyefanya kazi ya halali kwa miaka ugenini, akaitunza familia na kuweka akiba yake, ana haki ya kuiacha kazi hiyo na kuzunguka dunia kabla ya kujifunga tena. Tumwache. Ila nina la pili, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Ni aibu kubwa kwamba mtoto wa Garissa anaweza kuendesha gari kutoka Malmö hadi Lisbon bila mtu kumuuliza babu yake ni nani, ilhali hawezi kwenda Mandera, kwa ndugu zake wa damu, bila kushushwa garini, kuhojiwa, na kuomba dua njia nzima afike salama.

Umeacha au umefukuzwa?

Tuanze nyumbani, maana ndiko kesi inakoanzia. Kijana akipiga simu kusema ameacha kazi, mzazi haamini masikio yake.

"Umeacha au umefukuzwa?"

"Nimeacha, mama."

"Haya. Na sisi huku tutakula nini?"

Swali hilo si la tamaa. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9, fedha nyingi kuliko zinazoletwa na chai inayouzwa ng'ambo. Kwetu fedha hizo hupitia zaidi kwa hawala, na tulijua uzito wake mwaka 2015. Baada ya magaidi kuwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma fedha. Zilifunguliwa tena Juni. Katika muda huo mfupi, mama wa mtaa wa Bula Iftin ambaye hajawahi kushika bunduki maishani mwake alikaa bila hela ya unga, muuza duka akakataa kuongeza deni, na mtoto akarudishwa nyumbani kwa karo. Kwa hiyo sitamcheka mzazi anayeshtuka mwanawe akiacha kazi. Anashtuka kwa sababu amewahi kuiona nyumba bila mshahara ule.

Lakini tumtazame na anayetuma. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu alipewa jembe siku aliyoshuka ndege. Amefanya zamu za usiku katika nyumba za wazee, amesukuma mizigo ghalani wakati wa baridi ambapo jua huchomoza saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa mchana. Mshahara ukiingia, kwanza ni kodi ya nyumba, pili ni Garissa, tatu ndiyo yeye. Simu za nyumbani humfikia usiku wa manane: mjomba amelazwa, kisima kimekauka, binamu anaoa, mchango wa msikiti. Amesomesha wadogo zake wanne, ameijenga nyumba ambayo hajalala ndani yake. Nani kati yetu amewahi kumpigia kumuuliza kama amepumzika?

Na sisi ni watu gani hata tushangae mtu kuondoka kwenda kuitazama nchi? Wafugaji wa kwetu hawahamishi boma kwa kubahatisha. Kabla ya mifugo kuondoka, hutumwa mtu wa kutangulia, sahan, aende siku kadhaa mbele aangalie wapi mvua imenyesha, malisho yakoje, kisima kina maji au tope, na ukoo gani umeshafika. Huyo mtu hakamui, hachungi, wala hachoti maji siku hizo. Hakuna anayemwita mvivu. Akirudi huwekewa maziwa na wazee humzunguka kumsikiliza. Wasomali husema asiyetembea nchi hana macho, na Waswahili wakatuambia tembea uone. Methali hizo tunazifundisha watoto shuleni, kisha kijana akizitii tunamwita mwendawazimu.

Sharti langu kwa msafiri ni moja, nalo ni zito. Aage mapema. Aseme miezi mingapi atakuwa njiani, aache fedha ya nyumba ya miezi hiyo, alipe karo ya muhula mzima, awaambie ndugu waliozoea kutumiwa kwamba zamu imefika ya mwingine kubeba. Anayezima simu na kumwachia mama yake mzee deni la duka hana utetezi, hata akifika mwisho wa dunia. Na ndugu nao wajipange. Familia yenye watu wazima wanane wenye nguvu haifai kutegemea mgongo wa mtu mmoja aliye Gothenburg.

Wasioweza hata kuacha

Ila mazungumzo haya ya kuacha kazi yana watu yanaowapita kando. Binti wa kwetu aliyekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani haachi kazi kwa kuandika barua. Chini ya utaratibu wa kafala, ruhusa yake ya kuishi nchini imefungwa kwa mwajiri. Mara nyingi pasipoti hushikwa siku ya kwanza. Akitoka nyumbani kwa tajiri bila idhini, anahesabika mtoro. Saudi Arabia ilipolegeza masharti Machi 2021, wafanyakazi wa kampuni wakaruhusiwa kubadilisha mwajiri na kuondoka nchini kwa urahisi zaidi, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Kwa binti huyo, kutoka tu hadi dukani ni jambo la kuomba. Tunapombeza kijana anayeendesha gari kwa hiari yake Ulaya, tukumbuke kuna dada yake anayetamani nusu ya uhuru huo.

Na kuna safari nyingine ndefu ya kwenda Ulaya ambayo hakuna anayeionyesha mkahawani. Tahriib. Kijana huondoka alfajiri bila kumwambia mtu, akapita Ethiopia na Sudan, akavuka jangwa hadi Libya. Baadaye simu inalia nyumbani. Anayeongea ni magafe, mfanyabiashara wa watu, na nyuma yake mama anasikia mwanawe akipigwa ili bei ieleweke. Plot inauzwa. Ng'ombe wanauzwa. Ndugu wa ughaibuni wanachangishwa. Fedha zikifika, kijana anapandishwa mashua ya mpira kuelekea Italia, na Bahari ya Mediterania imewameza wengi ambao mpaka leo mama zao hawajui kaburi liko wapi.

Hao nao walifunga safari ya barabarani. Tofauti kati yao na yule wa Cordoba si ujasiri wala akili. Ni kijitabu kilicho mfukoni. Kijana aliyepata uraia wa Sweden au kibali cha kudumu anapita. Hata mwenye kibali cha kawaida cha kuishi katika nchi moja ya Schengen anaweza kutembelea nyingine kwa siku 90 katika kila siku 180, ingawa kibali kilichofungwa na kazi huyumba mara tu kazi inapoachwa, na hilo wanaotaka kufuata mkumbo walijue kabla hawajaandika barua. Lakini mwenye pasipoti ya Kenya aliye hapa Garissa analipa yuro 90 kuomba viza, na akinyimwa, hela hazirudi.

Schengen na Wagalla

Tarehe 14 Juni 1985, wawakilishi wa nchi tano za Ulaya walikutana ndani ya meli kwenye Mto Moselle, karibu na kijiji cha Schengen nchini Luxembourg, wakatia saini mkataba wa kuondoa ukaguzi mipakani. Baadhi ya nchi hizo zilikuwa zimepigana vita viwili vya dunia. Ufaransa na Ujerumani zilimwagana damu kwa vizazi. Vizuizi vilianza kuondolewa Machi 1995, na leo nchi 29 zimo, Bulgaria na Romania zikiwa zimekamilisha kuingia kwa njia ya nchi kavu Januari 2025. Si pepo. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu Septemba 2024, na dereva mweusi husimamishwa mara nyingi kuliko jirani yake mweupe. Hata hivyo mtu hulala Hamburg, akanywa chai Uholanzi, akala chakula cha jioni Ubelgiji, na wala asijue ni mti gani uliokuwa mpaka.

Sasa rudi nyuma miezi kumi na sita tu kutoka saini ile. Februari 1984, wanaume wa Wajir walikusanywa na vikosi vya usalama vya nchi yao wenyewe, wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Watu wa Wajir wanataja mamia, na wapo wanaotaja maelfu. Wakati Wazungu waliokuwa maadui wanajadiliana namna ya kubomoa vizuizi, sisi tulikuwa tunazika.

Hilo halikuanza 1984. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni, iliyoiwezesha kuifunga nchi yetu: huingii bila kibali, hutoki bila kibali. Mwaka 1934 ikaja nyingine ya kuzidi kukaza. Uhuru ulipopatikana Desemba 1963, sherehe hazijapoa, hali ya hatari ikatangazwa huku kwetu kabla ya mwezi kwisha. Vita vya Shifta, vya waliotaka kujitenga na Kenya, vikamalizika 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki hadi 1991. Hesabu mwenyewe. Mtu aliyezaliwa Wajir mwaka 1902 angeweza kuishi mpaka uzee wa kutembelea mkongojo bila kuijua siku ambayo barabara ya kwao ilikuwa wazi kwake kama barabara ya Nyeri au Kisumu ilivyo kwa watu wake.

Ndiyo maana wazee wa huku, wakipanda basi la Nairobi, walikuwa wakisema wanaenda Kenya. Mtu akirudi aliulizwa, "Kenya hawajambo?" Wageni hucheka wakisikia. Sisi tunajua neno hilo lilivyozaliwa.

Shukeni wote

Atakayetaka kuona historia hiyo ikiwa hai apande basi la alfajiri kutoka Garissa kwenda Nairobi. Halijaenda mbali. Likifika kwenye kizuizi cha daraja la Tana, makanga anagonga bodi: shukeni wote. Abiria wanashuka na kupanga foleni, kitambulisho mkononi. Basi linasogea mbele tupu na kuwasubiri. Yupo mwanafunzi anayewahi mtihani, yupo mzee ambaye alama za vidole vyake zimefutwa na kazi ya kamba na visima, yupo mama anayempeleka mtoto mwenye homa hospitali ya Kenyatta, mtoto begani, mkoba wa dawa kwapani, anaipekua pochi kwa mkono mmoja. Askari anageuza kadi, anamtazama usoni, anaigeuza tena. Anauliza amezaliwa wapi. Anauliza chifu wa kwao ni nani. Mwenye sura nyingine, aliyekuja Garissa kikazi, anapita kwa kuinamisha kichwa tu.

Usalama nauelewa. Mji huu umezika watoto wa watu waliouawa darasani na mabwenini, hakuna wa kutufundisha maana ya ugaidi. Lakini miaka yote hii ya kupanga foleni haikumzuia aliyekusudia uovu, kwa kuwa mwovu hapiti kwenye daraja akiwa na mkoba wa dawa. Anayechujwa ni raia.

Na kitambulisho chenyewe kilipatikana vipi? Kwa miongo kadhaa, kijana wa Garissa, Wajir au Mandera akifika miaka 18 alipaswa kusimama mbele ya kamati ya wazee na maafisa wa usalama, athibitishe kwamba yeye ni Mkenya. Mwenzake wa Murang'a hakuulizwa swali hilo. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kukomesha mchujo huo, na nilifurahi kwa dhati. Lakini wapo maelfu ambao wazazi wao, wakati wa ukame, waliwaandikisha watoto kambini Dadaab wapate mgao wa chakula. Alama zao za vidole zikabaki kwenye daftari la wakimbizi. Walipokua na kuomba kitambulisho cha nchi waliyozaliwa, mashine ikasema wao ni wageni. Bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna pasipoti, na daraja la Tana huvuki. Familia nzima inasimama pale mtoto wake mmoja alipokosa kadi.

Dadaab yenyewe ina fundisho ambalo sijui kwa nini hatulizungumzi. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianza kupokea watu kati ya 1991 na 1992. Mtoto aliyezaliwa Ifo hakuruhusiwa kuja mjini Garissa, mwendo wa kama kilomita 100, bila kibali cha kusafiri. Wapo waliopata bahati ya kuhamishiwa Marekani, Kanada na Skandinavia. Wakasoma, wakafanya kazi, wakawa raia wa huko. Leo mtu huyo huyo anaweza kuvuka daraja la Öresund kutoka Malmö kwenda Copenhagen akiwa anasikiliza Kurani garini, asisimamishwe, na akiendelea kusini atapita nchi sita kabla ya wiki kwisha. Mtu ni yule yule, akili ni ile ile, dini ni ile ile. Ifo alikuwa hatari na Copenhagen ni mtalii?

Kilomita za kwetu

Kila ninapomwona kijana wetu akishangaa mandhari ya Uswisi natamani angekuwa amepita kwetu kwanza. Nchi hii ina uzuri ambao wenyewe hatujaufaidi. Kusini, huko Ijara, katika hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, anaishi hirola, swala adimu kuliko karibu wote duniani, ambaye wanasayansi wanahofia hawazidi 500 waliobaki. Nje kidogo ya mji, Bour-Algi, twiga hutembea karibu na nyumba za watu. Ukielekea kaskazini unapita Modogashe na Habaswein, unafika Wajir yenye visima ambavyo ngamia wamenyweshwa kwa karne, kisha Tarbaj, Kutulo, Elwak, Rhamu, hadi Mandera ambako Mto Daua unapita na nchi tatu zinatazamana. Wangapi kati ya watoto wa Garissa wamefika Mandera? Wangapi wa Mandera wameiona bahari ya Kenya?

Hawaendi kwa sababu njia inatisha. Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera kuelekea Nairobi lilitekwa na Al-Shabaab, na watu 28 waliotengwa na wenzao kwa sababu ya dini wakauawa. Wengi walikuwa walimu wakienda likizo. Matokeo yake yaliingia kila nyumba: walimu kutoka sehemu nyingine za nchi walikataa kurudi, tume ya walimu ikawahamisha wengi kwa awamu, na madarasa yakabaki na mwalimu mmoja wa masomo yote. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza wakati ule amemaliza sekondari akiwa hajawahi kufundishwa fizikia na mtu aliyeisomea.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 21 Desemba 2015, basi jingine lilishambuliwa karibu na Elwak. Safari hii abiria Waislamu waliwavika wenzao Wakristo hijabu, wakakataa kutengana, wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki kwa majeraha hayo. Filamu fupi iliyotokana na kisa hicho, Watu Wote, ilifika kuteuliwa kwa tuzo ya Oscar mwaka 2018. Dunia nzima ikaisifu. Hebu tujiulize kama tumemuenzi Mwalimu Salah kwa kile alichokifia, yaani watu wa dini zote kupanda basi moja kwenye barabara ile na kufika.

Barabara yenyewe tunaahidiwa. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa njia ya Isiolo, Wajir, Elwak hadi Mandera, kama kilomita 740. Lami imesogea sehemu kadhaa, lakini mvua ikinyesha, laga moja tu, yaani mto wa msimu, hutosha kuwalaza abiria porini. Hata huku chini hatuko salama na maji: El Niño ya mwisho wa 2023, na tena mafuriko ya Aprili 2024, yalikata barabara ya Garissa karibu na Madogo, watu wakavuka kwa mashua, na bei ya nyanya na gesi mjini ikapanda siku hiyo hiyo. Anayedhani barabara ni suala la wenye magari amuulize mama muuza mboga wa Soko Mugdi hapa mjini.

Tunajua lami hufanya nini kwa sababu tumeiona kwa majirani. Barabara ya Isiolo hadi Moyale, zaidi ya kilomita 500, ilipokamilika, safari iliyokuwa ya siku kadhaa juu ya lori la mifugo ikawa ya siku moja. Mgonjwa wa Marsabit anafika Meru akiwa hai. Mbuzi hafi njiani. Kijana anafungua hoteli, mwingine gereji. Sisi wa upande huu tunastahili vivyo hivyo, na pamoja na lami tunastahili kizuizi kinachopekua mizigo kwa mashine badala ya kumhoji mama juu ya chifu wake. Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa kutembea. Hakikuandika isipokuwa ng'ambo ya Tana.

Kwenu mlio njiani

Ninyi mlioacha kazi na mko barabarani sasa, nawaombea salama. Mkimaliza Sarajevo na Istanbul, njooni nyumbani na mfunge safari ya pili: Garissa hadi Mandera, kwa basi, mchana, na wenyeji wenu. Msije moja kwa moja kukaa Eastleigh, Nairobi, kwenye nyumba ya kukodi na kutuma picha. Mmeshaonja kupita mpaka bila kuulizwa. Shukeni pale darajani, mpange foleni na wengine, kisha mseme kwa sauti mnachokijua, kwa mbunge, kwa gavana, kwa kamanda wa polisi. Mwenye pasipoti mbili husikilizwa upesi kuliko mchunga mbuzi. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, basi mtumie nafasi hiyo.

Na muandike. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtu wa huku kwetu Afrika Mashariki aliyekuwa akimtumikia Mjerumani, alisafiri naye hadi Urusi na Siberia, na masimulizi yake ya Kiswahili yakachapishwa mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichokusanywa na Carl Velten. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na bado tunajua kwa Kiswahili jinsi Mswahili alivyoiona theluji ya Siberia. Nionyesheni kitabu cha Kiswahili kinachonipeleka kituo kwa kituo kutoka Garissa hadi Mandera. Watalii wa Ulaya wana ramani inayowaambia wapi pa kulala na wapi pa kujaza maji. Sisi tuandikieni bei ya nauli na ya dizeli Habaswein, kisima kipi cha Wajir kina maji matamu, laga ipi haipitiki wakati wa Gu, mvua za masika, vizuizi viko wapi na mliulizwa nini kwenye kila kimoja, na nani, mjini Elwak, aliwakaribisha chai usiku bila kuwauliza ukoo.